The Return of the Shadow: kama unaandika kichukue, kama unasoma tu acha

Wakuu, kama unaandika hadithi za kufikirika, zile za falme na majini na safari zisizoisha, na umekwama, hiki kitabu kitafute. Nilikiagiza kwa jamaa anayeuza vitabu mitumba Dar, akakituma na basi nikakichukua stendi hapa Mtwara, jalada limechoka ila kurasa zote zipo.

Humo ndani sio hadithi yenyewe, ni rasimu za mwandishi Mwingereza J.R.R. Tolkien za riwaya yake The Lord of the Rings, alizoanza kuandika Desemba 1937, mwanae Christopher akazipanga na kuzitoa 1988. Raha yake ni kumuona mzee anavyopapasa. Yule Strider, jamaa mrefu anayekaa kona ya baa kajifunika hadi humuelewi, unajua mwanzo alikuwa nani? Hobbit! Kijitu kifupi, kimevaa viatu vya mbao, kinaitwa Trotter, na mwandishi mwenyewe hajui katokea wapi, anamwacha aongee tu, maelezo yanabadilika kila rasimu mpaka jamaa anakuja kuwa binadamu tena mrithi wa ufalme. Frodo naye, hobbit ambaye ndo mhusika mkuu, mwanzo jina lake lilikuwa Bingo. Na yule mpanda farasi anayenusanusa njiani, aisee, alipoandikwa mara ya kwanza alikuwa Gandalf, yule mchawi mwema, Tolkien kafuta akaweka kiumbe cha kutisha, na hapo ndo hadithi ikaanza kuogopesha.

Wachongaji wetu wa Kimakonde wakichonga shetani ndo hivyohivyo, fundi anafuata mpingo ulivyopinda, sura inajileta. Sisi tunaojiita waandishi tunachora ramani kwanza, majina ya wafalme, silaha, koo zote mpaka mababu, ukurasa wa kwanza hata aya moja hakuna.

Sasa kasoro. Ile sherehe ya birthday inayofungua hadithi imeandikwa upya mara kibao na zote zimo, Christopher naye anachambua majina na tarehe mpaka kichwa kinauma, hizo niliruka bila aibu. Kiingereza chake sio cha kitoto. Na kama hadithi yenyewe hujaisoma usiguse kabisa, utatoka kapa.

Nakipa nne kwa tano. Madukani hapa mjini nimeona vya shule na dini tu, kwahiyo anayetaka kuazima anicheki, nipo Shangani, ila wale wa kukunja kona za kurasa msijisumbue.