Tepu ya rangi au kipimo cha spora?
Tepu inayobadilika rangi ni rahisi na jibu lake ni la papo hapo: ukifungua mashine ya mvuke inayoua vijidudu kwenye vifaa vya tiba, michirizi imeshakuwa myeusi. Lakini inasema tu kwamba pakiti imepita kwenye joto. Haisemi kama mvuke ulifika katikati ya furushi. Karatasi ya kemikali inayowekwa ndani ya pakiti ni afadhali, maana baadhi yake husoma muda, joto na mvuke kwa pamoja, ila nayo haijaribu kuua chochote.

Kipimo cha spora ndicho kinachojaribu. Kichupa chenye spora (bakteria waliojifunga ganda gumu) za Geobacillus stearothermophilus, bakteria sugu kwa joto, huwekwa pale mvuke unapofika kwa shida, kisha hutunzwa kwenye nyuzi joto 55 hadi 60. Spora zikiota, mzunguko wa mashine umeshindwa kuua vijidudu. Kichupa cha pili, kisichopitishwa kwenye mashine, lazima kiote, kuonyesha kwamba spora zilikuwa hai. Kisipoota, jibu lote ni bure (hatua hii ndiyo rahisi kurukwa). Kero ni kusubiri: vichupa vya kawaida huchukua saa 24 hadi 48.

Mimi ningeweka karatasi ya kemikali katika kila pakiti na spora angalau mara moja kwa wiki. Mzigo wenye vipandikizi (vifaa vinavyoachwa ndani ya mwili wa mgonjwa) ungepata spora kila mara, na usingetoka kabla ya jibu.