Peponi au Mashimo ya Mfalme Sulemani: uanze na ipi?

Zote mbili ni safari za bara, na zote zinasomeka kwa Kiswahili. Mashimo, riwaya ya Rider Haggard ya mwaka 1885, inakwenda mbio: ramani ya kale, jangwa linalovukwa usiku kukwepa jua, maji yanaisha, kisha milima. Ukiwa na jioni mbili tu, chukua hiyo. Ila uisome ukijua kwamba anayesimulia ni mwindaji Mzungu wa zama zile. Waafrika wanaonekana kwa jicho lake, na Gagula, mchawi kikongwe, amechorwa kama jinamizi tu.

Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, inataka subira. Wengi huiacha mapema kwa sababu msafara mkubwa kwenda bara hauanzi hadi sehemu ya tatu kati ya sita. Usiruke zile mbili za mwanzo. Ile sarafu ya ana kumi (ana ni fedha ya zamani ya Kihindi) anayopewa Yusuf, mhusika mkuu, na mfanyabiashara Ami Aziz inaonekana zawadi ya kawaida, mpaka ujue kuwa mtoto huyo wa miaka 12 amechukuliwa kwa deni la babake. Usipoijua hofu hiyo, msafara utauona matembezi.

Isome sehemu moja kwa mkao mmoja, na mazungumzo ya Khalil, kijana anayeuza katika duka la Ami Aziz, yasome kwa sauti: utani wake hausikiki vizuri kimyakimya. Kwangu Peponi ndiyo bora, tena kwa mbali.