Koyasan: nenda ukalale, la sivyo usijisumbue

Koyasan tunaipa alama 4 kati ya 5 kwa mgeni anayelala hekaluni, na 2 tu kwa anayepanda asubuhi na kushuka jioni. Ni mji mzima wa mahekalu ya Kibudha, zaidi ya 100, juu ya mlima katika mkoa wa Wakayama nchini Japani, kusini mwa Osaka. Mtawa Kukai aliuanzisha mwaka 816. Mazuri yake makubwa huonekana alfajiri na baada ya magharibi, saa ambazo mgeni wa siku moja yuko kwenye treni.

Anayetoka Kisumu au Nakuru atafute tiketi ya ndege inayotua Kansai, uwanja wa Osaka, badala ya Tokyo. Zipo za kupitia Doha au Dubai. Kutoka Kansai panda treni ya Nankai hadi Tengachaya, ubadilishe hapo uingie laini ya Koya. Huna haja ya kufika stesheni ya Namba katikati ya jiji. Treni ya haraka yenye viti vya kuhifadhiwa hulipiwa nyongeza juu ya nauli. Ya kawaida huchelewa kidogo, na mara nyingine utabadilisha tena Hashimoto. Pasi ya Japan Rail haikusaidii kwenye njia hii, kwa sababu Nankai ni kampuni tofauti. Reli huishia Gokurakubashi, na hapo treni ya kebo hukupandisha mlimani kwa dakika 5. Ukifika juu, usidanganywe na ramani inayoonyesha mji uko karibu: barabara inayotoka stesheni ni ya mabasi, na wanaotembea kwa miguu hawaruhusiwi. Subiri basi.

Kimo hakitamsumbua mtu wa kwetu. Koyasan iko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari, chini hata ya Kisumu. Kinachosumbua ni baridi. Januari na Februari theluji hulala njiani na usiku hushuka chini ya sifuri. Sweta inayokutosha asubuhi ya Molo haitatosha. Koti zito la mitumba kutoka Kibuye linafaa kabisa. Kagua soksi zako pia, maana viatu huvuliwa mlangoni mwa kila hekalu, na mwenye buti za kamba ndefu atachoka kuinama.

Mahekalu kama 50 hulaza wageni. Bei huhesabiwa kwa kichwa, si kwa chumba, na familia nyingi hushtuka hapo. Lakini ndani yake mna chakula cha jioni na cha asubuhi. Beba yeni taslimu. Fika kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa kuwa chakula huletwa saa kumi na moja na nusu au kumi na mbili, na jikoni hakumngojei mchelewaji. Maduka nayo hufunga mapema.

Chakula chenyewe hakina nyama, samaki, kitunguu wala kitunguu saumu. Utaletewa visahani vingi vidogo: mboga, mwani, supu, wali, tofu (donge la soya) iliyogandishwa na kukaushwa, na kitu laini kama tofu kilichotengenezwa kwa ufuta. Ladha ni ya upole sana. Aliyezoea ugali na omena ataona sahani ni ndogo, ila wali unaweza kuongezewa. Mwenye mzio wa soya au ufuta aseme siku ya kuweka nafasi. Akisema mezani, amechelewa.

Bafu ni la pamoja, wanaume kwao na wanawake kwao. Jioshe kwa sabuni ukiwa umekaa kwenye kigoda, suuza povu lote, ndipo uingie kwenye maji ya moto. Taulo isiguse maji hayo. Vyumba vina milango ya karatasi, hivyo kikohozi cha jirani utakisikia, na korido ni baridi kali. Kwa hayo mawili tumekata alama moja. Ndara za chooni hubaki chooni, na juu ya mkeka wa tatami hapakanyagwi hata kwa ndara za ndani.

Ibada ya asubuhi huanza karibu saa kumi na mbili au nusu saa baadaye. Mkristo au Mwislamu anaweza kukaa nyuma kwa heshima na kusikiliza tu, halazimishwi kitu. Usiikose. Sauti nzito za watawa wakisoma kwa pamoja katika ukumbi wenye giza ni jambo ambalo hakuna picha inayoweza kulionyesha.

Kisha Okunoin, makaburi zaidi ya 200,000 chini ya miti mirefu ya sugi, jamii moja na saipresi yetu. Mabasi ya watalii hushusha watu Okunoin-mae, na hiyo ni njia ya mkato inayoruka sehemu kongwe. Anzia daraja la Ichinohashi, utembee kilomita 2, halafu urudi kwa basi. Njiani wamo wababe wa vita kama Takeda Shingen na Uesugi Kenshin, maadui walioishia kuwekewa makaburi ya kumbukumbu jirani, na pia jiwe la kumbukumbu la mchwa, lililowekwa na chama cha wanaowaangamiza kwa kazi. Kwetu magharibi mwa Kenya, tunaokula kumbikumbi kila mvua ikianza, jiwe hilo linastahili kusimamiwa kwa muda.

Ukivuka daraja la Gobyobashi, zima kamera, usile wala kunywa. Mbele yako ni kaburi la Kukai, ambaye waumini husema hakufa mwaka 835 bali angali katika tafakuri. Watawa humpelekea chakula saa kumi na mbili asubuhi na saa nne na nusu. Ile ya kwanza huangukia wakati wa ibada ya hekalu lako, kwa hiyo panga kuwa darajani saa nne na robo, na mzigo uuache hekaluni ukauchukue kabla ya kushuka.