Programu ya kutafsiri ya simu na neno la Kiingereza field: nyota tatu kwa tano

Ukiiandikia field tupu, programu ya bure ya simu itakutolea "shamba" au "uwanja" na kukuachia hapo. Tusiilaumu sana: inachagua maana kwa maneno jirani, na neno tupu halina jirani. Ipe sentensi nzima. Kwenye mpira na ndege haisumbui.

Balaa liko kwenye kilimo. Kipeperushi cha mpunga kikisema drain the field two weeks before harvest, hutoka "ondoa maji shambani wiki mbili kabla ya kuvuna". Sarufi safi, kazi mbovu. Kwenye bonde la mpunga kama la Cheju, Unguja, maji hutolewa jarubani, yaani kwenye kipande kimoja chenye matuta, kwa kukata tuta la jaruba lile lililokomaa tu. Aliyepanda nyuma bado anataka maji yake ya sentimita tano. Mwenzake akifunga mfereji mzima kwa kufuata karatasi, mpunga wa huyu wa nyuma unakaukia kwenye mimba, kabla ya kutoa masuke. Kwa hiyo rekebisha kwa mkono: eneo zima ni bonde, kipande chenye matuta ni jaruba, penye muhogo wa maweni andika konde. Kwa mikarafuu, "shamba" liache lilivyo. Halafu Unguja shamba ni kokote nje ya mji. Aliyeko shamba huenda yuko harusini Makunduchi, jembe hana habari nalo.

Fomu za mtandaoni ndizo zinazochekesha: this field is required hutoka "shamba hili ni la lazima", na mtu anaomba cheti cha kuzaliwa! Pale panatakiwa "nafasi" ya kujaza. Lebo fupi hivyo haina muktadha, basi programu inakisia.

Wanafunzi waangalie pia fizikia, ambako neno ni uga, kama uga wa sumaku. Kwenye mafuta na gesi, kitalu ni eneo lililogawiwa kwa utafutaji. Field ni pale mafuta au gesi ilipokwisha kugunduliwa. Kitalu cha Pemba-Zanzibar, kilichotiwa saini mwaka 2018, kiitwe kitalu.

Usihakiki kwa kurudisha tafsiri kwenye Kiingereza. "Shambani" itarudi field vilevile, na kosa litapita limejificha. Msomee mkulima, umuulize atafanya nini.

Kifurushi cha lugha cha kutumia bila intaneti kinafaa vijijini Pemba, ila hukisia vibaya zaidi kuliko kile cha mtandaoni, kwa kuwa ni kidogo. Kipakue kwenye waifai, kinakula bando.