Pazo la Mbao la Ramani ya Tanzania: Jioni Tano Kwenye Sinia

Likizo ya Desemba, mvua zilipowafungia watoto ndani hapa Tabora, nilinunua kwa shilingi 45,000 pazo (fumbo la kuunganisha vipande) la mbao la ramani ya Tanzania, lenye vipande 150 vya plaiwudi vilivyokatwa kwa mashine ya leza. Lilituchukua jioni tano, na jioni hizo televisheni haikuulizwa.

Wazo lenyewe ni la zamani: katika miaka ya 1760, mchora ramani wa London aitwaye John Spilsbury alibandika ramani kwenye ubao, akaukata kwa kufuata mipaka ya nchi ili watoto wajifunze jiografia. Fundi wa pazo letu naye amefuata mipaka ya mikoa, na hapo ndipo ulipo uzuri wa kazi yake na udhaifu wake pia. Ndani ya mkoa vipande vina vichwa na vishimo vinavyoshikana barabara, lakini mipakani mkato umepita bila meno, kwa hiyo mtu akiipiga meza kwa goti, Singida inaachana na Dodoma. Tulilihamishia kwenye sinia la pilau, tukapata amani.

Watoto walianza na Tabora, kwa kuwa ni kwao na ndio mkoa mkubwa kuliko yote kwa eneo. Kigoma iliwashinda, maana upande wa ziwa ni buluu tupu. Bibi yao, aliyekuwa pembeni akichambua mchicha, akawaambia, "Acheni ziwa, wajukuu zangu, fuateni reli." Akataja stesheni kwa mpangilio, Urambo, Kaliua, Uvinza penye chumvi, hadi Kigoma yenyewe, nao wakatafuta vipande vyenye ule mstari mwembamba mweusi.

Kasoro zipo. Ramani ni ya kabla ya 2016, hivyo Songwe bado imo ndani ya Mbeya; binti yangu wa darasa la tano aliliona hilo kabla yangu. Kingo zina masizi ya leza yanayochafua vidole, na kwa unyevu wa masika haya plaiwudi ilivimba, hata vipande vilivyoingia kwa wepesi Jumatatu vikahitaji kugongwa Alhamisi.

Kipande cha Kusini Pemba, kidogo kama harage, kilipotelea kwenye maganda ya maembe. Seremala wa mtaani alitukatia kingine cha mninga kwa shilingi 1,000. Kina wekundu, na watoto hukitafuta hicho kwanza kila wanapofungua sanduku.