Kile kichuma cha kupasulia vibanzi: nimekitumia miezi saba sasa, ukinunue au usinunue?

Aisee tangu niweke ile picha status nimeulizwa na watu kama kumi, kwaiyo ngoja niandike mara moja nimalize. Ile pete ya chuma iliyosimama juu ya gogo pale nyuma kwetu sio mtego na sio stendi ya kuwekea ndoo, ni kifaa cha kupasulia kuni ndogondogo za kuwashia moto, vile vibanzi. Jina lake la dukani ni Kindling Cracker, ila hapa nyumbani Mama anakiita "kichuma" na sote tumehamia huko.

Kimefikaje Njombe? Kaka yangu anaishi Uswidi, Desemba kaja likizo na begi lake la kilo 23, kati ya hizo kilo nne na nusu hivi ni hiki chuma, uwanja wa ndege Dar wakamfungulisha begi, ofisa kakigeuza huku na huku anauliza hii ni spea ya trekta au nini. Mama alipokiona mara ya kwanza alikaa kimya kidogo, akasema yaani mwanangu Ulaya kote huko umeona uniletee chuma, sisi tulitegemea blanketi. Tukacheka pale yakaisha, kichuma kikakaa nyuma ya mlango wiki mbili hakuna mwenye habari nacho.

Sasa kwa ambao hamkai huku niwaambie kidogo, maana mtu wa Dar ataniuliza vibanzi vya nini wakati gesi ipo. Gesi ninayo, chai ya asubuhi na mboga za haraka napikia gesi, na najua serikali ina ule mkakati wa 2024 hadi 2034 unaotaka asilimia 80 ya kaya zitumie nishati safi ya kupikia, mi sina ugomvi nao. Lakini huku tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, mwezi wa sita na wa saba asubuhi ukiongea mvuke unatoka mdomoni, na gesi haimpashi mtu miguu wala haikaushi soksi za shule. Kwaiyo jioni moto wa kuni lazima, na moto wa kuni bila vibanzi ni mateso, utapuliza mpaka kichwa kizunguke alafu mwisho unaishia kumwagia mafuta ya taa au kuchoma kipande cha ndoo ya plastiki, nyumba nzima inanuka na watoto wanakohoa. Ukiwa na vibanzi vikavu vya msindano unene wa kidole, kiberiti kijiti kimoja tu, basi.

Tatizo ni kuvipata hivyo vibanzi. Gogo kubwa kulipasua kwa shoka ni kazi ya nguvu lakini sio ya hatari sana ukijua unachofanya, umesimama mbali, mikono yote miwili iko kwenye mpini. Hatari iko kwenye kipande kidogo. Kipande kidogo hakisimami chenyewe, unakishika kwa mkono wa kushoto, panga liko mkono wa kulia, unakigongagonga mpaka panga ling'ate alafu unapiga, na kati ya kile kidole gumba na yale makali hamna kitu zaidi ya bahati yako. Mi kidole changu cha shahada cha kushoto kina kovu toka darasa la tano, nyuzi nne zahanati, na nilikuwa nachanja kuni saa kumi na mbili asubuhi giza bado na mikono imekufa ganzi kwa baridi. Ukiangalia vidole vya kushoto vya wanawake wa huku waliokulia jikoni utakuta kovu kama langu kwa wengi tu.

Hiki kichuma kimegeuza mambo juu chini. Makali yako chini, yamesimama yanaangalia juu, hayaendi popote. Juu yake kuna pete imeshikwa na nguzo mbili, kimo chote kama sentimita 30, pete kwa ndani kama sentimita 16 na nusu. Unaingiza kipande cha kuni kwenye pete kikae juu ya makali, unakigonga kichwani kidogo kwa nyundo ili kishike, unatoa mkono, ndo unapiga sasa. Kuni inashuka yenyewe kwenye makali inapasuka, vipande vinabaki ndani ya pete au vinaanguka pembeni taratibu, hakuna kinachoruka usoni. Kinachotembea ni nyundo, na nyundo ikikosea mbaya zaidi inagonga pete. Chuma chenyewe ni kile cha kumimina, kama miguu ya cherehani za zamani, yaani kipande kimoja hakina kiungo wala skrubu ya kulegea.

Kaka ndo aliyenisimulia kwamba aliyekibuni ni mtoto wa shule wa New Zealand, Ayla Hutchinson, alikuwa na miaka 13, kilikuwa ni mradi wake wa sayansi shuleni, na alikibuni kwa sababu mama yake alijikata kidole akipasua kuni za kuwashia. Niliposikia hivyo nikaangalia kovu langu nikasema eeh, kumbe sisi wote tulimwona mama akijikata, ila mmoja tu ndo aliyechukua kalamu akachora kitu.

Haya, utendaji wake. Natumia nyundo ya kilo moja na nusu, ile ya mafundi ujenzi ya kupigia tindo, nyundo ya misumari ni nyepesi mno utachoka bure. Mabanzi ya msindano toka kiwanda cha mbao, yale ya pembeni yenye maganda, nikikata urefu wa shibiri moja na nusu hivi yanapasuka kwa pigo moja au mawili, mlio wake ni kama kupasua muwa, raha kabisa. Ndoo kubwa ya vibanzi najaza kwa dakika kumi na tano nikiwa napiga stori. Mwati nao mzuri, unataka pigo mbili tatu ila unapasuka umenyooka. Mkaratusi sasa, hapo ndo penye maneno. Mkaratusi uliokauka wenye nyuzi zilizojisokota ni kama kupiga jiwe, kuni inang'ang'ania kwenye makali nusu imeingia nusu imegoma, na ukiwa na hasira ukazidisha kupiga unaichimbia zaidi. Ikishakwama hivyo usiivute kwa mkono kwenda juu, maana ikichomoka ghafla mkono unapita karibu na makali, ipige kwa ubavu na kipande kingine cha kuni itaachia. Siku hizi mkaratusi naupasua ukiwa bado mbichi ndo nauanika, ukisubiri ukauke kwanza umeumia. Na fundo lolote, la mti wowote ule, weka pembeni lipeleke jikoni zima zima.

Kitu kingine hiki mkishike vizuri, usiweke kipande kifupi kinachozama ndani ya pete. Nyundo itakifuata hukohuko mpaka igongane na makali, chuma kwa chuma, na kichembe cha chuma kikiruka jichoni hiyo sio stori tena. Kipande kiwe kimetokeza juu ya pete, na kikishashuka sana bila kupasuka unaweka kipande kinachofuata juu yake unapiga hicho, cha juu kinakisukuma cha chini. Mi navaa miwani ya kuchomelea ile ya kioo cheupe, buku tatu tu sokoni, Mama kagoma kuivaa anasema inamfanya aonekane fundi pikipiki.

Mama ndo habari yenyewe hapa. Ana miaka 71, mkono wa kulia una baridi yabisi, shoka aliacha kushika miaka mingi, na tangu wajukuu waende bweni alikuwa anasubiri mtu apite amwombe ampasulie kuni, kitu ambacho anakichukia kuliko kitu chochote. Januari moja asubuhi niko ndani nasikia ting', ting', kimya, ting'. Natoka namkuta amekaa kwenye kigoda, kichuma kiko mbele yake juu ya gogo, kitenge kafunga kiunoni, anapiga na kanyundo kepesi taratibu mara tano sita pale ambapo mi ningepiga mara moja, na vibanzi viko pembeni kavipanga kama penseli. Hakuniangalia hata. Nikasema kamwene Mama, akajibu kamwene, akaendelea. Toka siku hiyo blanketi halijatajwa tena.

Ubaya wake sasa, maana sitaki mseme nimelipwa. Cha kwanza, hakipasui magogo. Mtu anaona picha anafikiri ameagana na shoka, hapana, gogo lazima kwanza lipasuliwe kwa shoka mpaka vipande vya unene wa mkono hivi ndo uje huku, kwa vipimo kitu cha sentimita 15 kinaingia kwenye pete lakini kwa nyundo ya mkono mmoja utakesha. Cha pili ni kifupi, ukikiweka chini unainama mgongo unakufa, lazima kikae juu ya gogo, na kitako chake kina matundu ya kukifungia. Cha tatu kelele, saa kumi na mbili asubuhi jirani yangu alishaniuliza kwa upole kabisa kama tumefungua gereji.

Cha nne ndo bei, na hapa ndo penyewe. Kaka alilipa kama euro mia, piga hesabu mwenyewe hapo ni karibu laki tatu za kwetu, kwa kichuma cha kupasulia vibanzi! Kwa hela hiyo Njombe unanunua kuni za kutosha na unamlipa kijana akupasulie msimu mzima. Kwaiyo dada yangu wa Makambako alipokitaka nikasema hapana, tunaenda kwa fundi.

Fundi wa kwanza simtaji. Nilimpelekea picha na vipimo, akasema hii ndogo sana dada, njoo kesho. Pete alikata bomba la inchi sita, nguzo nondo, makali akatumia kipande cha springi ya gari, vizuri tu kwa macho, 45,000. Wiki mbili kikafanya kazi poa, wiki ya tatu asubuhi ya baridi dada anapiga anasikia tak, makali yamekatika pembeni kabisa ya alipochomelea, yamekatika kama biskuti. Nilivyorudi ananiambia mnapiga kwa nguvu sana. Kwani vibanzi vinapasuliwa kwa kubembelezwa?

Nikaenda kwa mzee mmoja anayefua mapanga na majembe, akaangalia lile vunjiko bila hata kuuliza akajua. Akanieleza kwamba chuma cha springi kina kaboni nyingi, ukikichomelea kikiwa baridi alafu kikapoa haraka, pale pembeni ya ulipochomelea panakuwa pagumu kama kioo, na kioo kikigongwa kinapasuka. Yeye alikipasha kwanza kwenye moto wa mkaa, akachomelea kikiwa bado cha moto, alafu akakizika chote kwenye majivu kikalala humo mpaka kesho yake kipoe polepole. Na makali hakuyafanya membamba kama kisu, aliyaacha na mabega mapana kama ya shoka, akasema kuni haikatwi, inatanuliwa. Akachukua 60,000. Hicho kina miezi minne Makambako na hakijatikisika, kwa sura ni kibaya, rangi hakina, lakini ukiniambia nichague kati ya hicho na cha Uswidi kwa hela yangu mwenyewe nachukua cha mzee bila kufikiri mara mbili.

Na kama hata hiyo 60,000 haipo, usirudi kwenye kushika kipande kwa vidole. Kipande kidogo kishikilie kwa kijiti kingine, sio kwa mkono, weka panga juu yake, alafu ligonge panga mgongoni kwa kipande cha kuni. Na kwa vile vikubwa kidogo chukua tairi bovu weka juu ya gogo, simamisha kuni zako humo ndani zikabane, piga shoka, vipande havirukiruki na hauinami kuviokota kila saa. Nimefanya hivyo miaka kabla ya kichuma, kazi inaenda.

Nyota nakipa nne kati ya tano, ile moja nimeiondoa kwa sababu ya bei. Na ukikipata, cha dukani au cha fundi, kifunge kwa bolti nne ndefu kwenye gogo zito siku hiyohiyo. Mi nilichelewa, Machi nikakikuta getini kiko juu ya mzani wa kijana anayenunua vyuma chakavu, na mtoto wa jirani kashakubaliana naye bei.