Uzoefu wangu: boksi la zawadi la kolabo, asali na chai ya viungo

Mimi nauza chai ya viungo hapa Dar, rafiki yangu anauza asali ya Tabora, Idi iliyopita tukasema tufanye kolabo, boksi moja la zawadi lenye chupa ya asali nusu kilo na pakti mbili za chai, logo zote mbili juu. Kazi tukapeleka kwa jamaa wana kiwanda kidogo cha printi Kariakoo, jina naliacha, oda boksi 300.

Dizaina wao yuko vizuri sana, hilo nalisema wazi. Nilikuja na kitu nimechora kwenye simu, kijani changu kinang'aa balaa, akaniambia dada hiyo rangi kwenye karatasi huipati, simu inatoa rangi kwa mwanga, mashine inachanganya wino wa rangi nne tu. Akaniprintia vijani vitatu kwenye karatasi ileile ya boksi, tukatoka nje kuvitazama juani ndio tukachagua. Akaongeza pia rangi milimita 3 kupita mstari wa kukatia kila upande, kisu kikiyumba kidogo usione ukingo mweupe.

Ila kilichotuokoa ni sampo. Lipieni sampo jamani! Tulilipa elfu 30 tukapewa boksi jeupe halina hata printi, nikatia chupa imejaa asali kabisa, nikanyanyua, kitako kikaachia. Asali nzito, bado kuna kioo cha chupa, ile karatasi tuliyopanga mwanzo, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ingebeba chai peke yake sio asali. Tukahamia boksi gumu lile lenye mawimbi katikati, kitako cha kujifunga, na kigawanyo ndani chupa isilalie chai. Bei ikatoka 1,900 ikafika 2,800 kwa boksi moja, iliuma, lakini mzigo wa Mwanza tuliotuma kwa basi umefika chupa zote nzima.

Logo ndio karibu itugombanishe mimi na mwenzangu. Yake ya duara, yangu ni jina refu, ukizipa upana sawa ya kwake inameza boksi zima na yangu inakuwa kamstari tu, mpaka dizaina akaachana na rula akazisawazisha kwa jicho. Kitu kingine, tuliandikiana WhatsApp kabisa kwamba faili la mwisho ni la wote wawili na hakuna kuprinti tena bila mwenzako kukubali. Hata kama ni rafiki yako wa damu, andikeni.

Sasa walipotuudhi ni muda. Laminesheni, ile plastiki nyembamba inayobandikwa juu ya printi, kumbe wanapeleka kwa mtu mwingine na hawakutuambia, mzigo ukachelewa siku nne, na siku nne kabla ya Idi ni nyingi mno, wale wateja wa maofisini wanaogawa zawadi mapema wote tukawakosa. Boksi 40 zikabaki zimeandikwa Idi Mubarak, hatuna pa kuzipeleka.

Nawapa nyota nne kwa tano. Oda ijayo nimewapa haohao, boksi lina logo mbili tu, salamu za sikukuu zinakaa kwenye mkanda wa karatasi unaovishwa juu, ukiisha msimu unavua unaendelea kuuza. Tarehe ya kupokea tumeweka wiki tatu kabla, na nusu ya hela ninayo mimi mpaka nihesabu boksi la mwisho.